Jile zinafungwa juu ya paa, abiria wako chini: rubani wa elikopta anafundisha nini wasafiri wa Ziwa Kivu

Kwenye pwani za Bukavu, kila boti inayojiandaa kwenda Idjwi, Kalehe, Minova ao Goma inapakia kwa namna moja. Kwanza mizigo: magunia ya makala, mihogo, katoni za sabuni, bidoni za mafuta. Kisha watu. Jile za kujiokolea, kama ziko, zinaonekana juu: zimefungwa kwa kamba kwenye paa, ao zimebanwa nyuma ya viti, rangi ya machungwa imeshafifia kwa jua. Mara moja moja zinagawiwa wakati wa kontrole, na boti ikishatoka pwani watu wanazivua. Wanasema ni za moto, zinanuka, zinachafua nguo. Wengine wanakalia juu yazo kama mto.

Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, siku ya Alhamisi, boti MV Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma. Watu waliokuwa pwani wakingojea ndugu na bidhaa zao waliiona ikiinama upande, kisha ikageuka. Wengine walikuwa na telefone mkononi, na zile video zilizunguka Kivu yote siku ile ile. Gavana wa Kivu Kusini wakati ule, Jean-Jacques Purusi, alitangaza kwamba ndani mlikuwa watu 278 na kwamba watu 78 wamekufa. Kwa upande wa Goma hesabu za kwanza zilikuwa ndogo zaidi. Ile tofauti yenyewe inasema jambo: hakukuwa na orodha ya abiria ambayo mtu angeweza kuifungua na kusoma majina.

Na haikuwa mara ya kwanza. Tarehe 15 mwezi wa ine 2019 boti ingine ilizama upande wa Kalehe. Rais Félix Tshisekedi alifika mahali pale, akasema watu wapatao 150 hawajaonekana, na jile zikatangazwa kuwa za lazima kwa kila msafiri wa majini. Miaka mitano na nusu ikapita kati ya ile amri na Kituku.

Kwa hiyo ulizo si kama sheria iko. Sheria iko. Ulizo ni kwa nini jile inabaki juu ya paa. Na mahali pa kutafuta jibu, hata kama inaonekana mbali sana na Muhanzi ao Kituku, ni kwa marubani wa elikopta wanaopeleka wafanyakazi kwenye visima vya mafuta katikati ya bahari ya Kaskazini, kati ya Uingereza na Norvege.

Wale marubani wanaruka juu ya maji yenye baridi kali. Katika maji ya namna ile mtu hafi kwanza kwa sababu hajui kuogelea. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, amefundisha hesabu moja ambayo waokoaji wengi wanaishika kichwani: moja, kumi, moja. Dakika moja ya kushindana na pumzi, maana baridi inakushtua na unavuta hewa kwa nguvu bila kutaka. Kichwa kikiwa chini ya maji wakati ule, unavuta maji. Kisha dakika kumi ambazo mikono na vidole bado vinakusikia. Kisha karibu saa moja mbele ya kupoteza fahamu. Anayetaka kufunga mkanda wa jile yake atauona ugumu wake katika zile dakika kumi: vidole vinakuwa kama vijiti.

Juu ya hiyo, rubani wa kule havai vazi lake wakati hatari inafika. Analivaa chini, mbele ya kupanda. Ni vazi la mwili mzima, rangi kali ya machungwa ao manjano, lenye kubana shingoni na kwenye viganja ili maji yasiingie, na nguo za joto ndani. Analivaa saa zote za safari, hata kama ndani ya elikopta ni joto na jasho linamtoka. Na malalamiko yao ni yale yale ya hapa: linabana, lina joto, linachosha. Tofauti ni kwamba kule hakuna anayeuliza kama unapenda. Sheria za Ulaya zinasema maji yakiwa chini ya digrii 10, rubani anavaa. Na zinaongeza jambo lingine ambalo ndilo kubwa zaidi kwa wasomaji wa huku: anavaa pia kama muda ambao waokoaji watatumia kumfikia unapita muda ambao mwili wake unaweza kuvumilia majini.

Hesabu ile ni ya saa mbili zinazopimana: saa ya mwili na saa ya mwokoaji. Ni vizuri kuishika.

Tarehe 12 mwezi wa tatu 2009, elikopta aina ya Sikorsky S-92 ilianguka baharini mbele ya kisiwa cha Newfoundland, Kanada, ikiwa na watu 18. Wote walikuwa na mavazi ya kujiokolea mwilini. Mmoja tu alitoka hai, kisha kupita zaidi ya saa moja katika maji karibu ya barafu. Bila lile vazi asingefika dakika zile. Lakini wale 17 pia walikuwa nalo. Ndiyo maana kazi haikusimama kwenye nguo. Wafanyakazi wa kule wanafungiwa ndani ya kibanda kinachozamishwa katika bwawa, kinageuzwa juu chini, na kila mmoja anatafuta dirisha kwa mkono akiwa amefumba macho. Na baada ya ajali ya mwezi wa nane 2013 karibu na visiwa vya Shetland, ambapo watu 4 walikufa kati ya 18, wakubwa wa usafiri wa anga wa Uingereza walilazimisha kila abiria awe na kifaa kidogo cha kupumulia chini ya maji.

Mtu wa Bukavu atasema: hayo ni ya baridi, ziwa letu si baridi. Ni kweli nusu. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yanakaa kati ya digrii 23 na 25 karibu mwaka wote. Hakuna ule mshtuko wa barafu. Ziwa halina mamba wala viboko, na labda ndiyo sababu watu wanaliona kama rafiki. Watoto wanaoga humo kila siku. Lakini mwili wa mtu una digrii 37, na maji yanapokonya joto mara 25 hivi kuliko hewa yenye digrii sawa. Majedwali ya waokoaji yanasema kwamba katika maji ya digrii 21 hadi 27, mtu anaweza kuchoka kabisa ao kuzimia kuanzia saa ya pili, na wengine wanaanza kufa kuanzia saa ya tatu. Kwa mtoto mdogo, kwa mzee na kwa mtu mwembamba asiyekula vizuri, muda unapungua. Na huku ziwa liko kwenye mita 1.460 juu ya bahari; usiku upepo unapopiga mtu aliyelowa, hata akiwa tayari juu ya pirogi, baridi inaendelea kumla. Aliyetolewa majini anahitaji kuvuliwa nguo zenye maji na kufunikwa kitu kikavu, na si kuachwa akitetemeka wakati watu wanamuuliza maulizo.

Hata hivyo, hapa baridi ni muuaji wa pili. Wa kwanza ni kuzama, na ni wa haraka. Boti ikigeuka, wale walio chini, katikati ya mizigo, hawana nafasi ya kutoka. Wanaotoka wanashikana. Asiyejua kuogelea anashika anayejua, na wote wawili wanakwenda. Dakika chache zinatosha. Katika zile dakika, kutafuta jile iliyofungwa kwa kamba juu ya paa, na paa sasa iko chini ya maji, ni jambo lisilowezekana. Kinachobaki ni bidoni tupu inayoelea, ubao, godoro. Waliopona kwenye ajali za ziwa, mara nyingi ndivyo walivyopona.

Mfano wa karibu na sisi uko Bukoba, Tanzania. Tarehe 6 mwezi wa kumi na moja 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ndani ya Ziwa Victoria ikitaka kutua. Ndani mlikuwa watu 43. 19 walikufa, marubani wote wawili wakiwa kati yao, na 24 wakapona. Uwanja ulikuwa pale pale, mji ulikuwa pale pale, na waliofika wa kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kijana mmoja mvuvi, Majaliwa Jackson, alijulikana nchi nzima kwa kusaidia kufungua mlango wa nyuma. Watu walivuta ndege kwa kamba kutoka pwani.

Mfano wa pili ni wa Komoro na unafundisha kitu kingine. Tarehe 23 mwezi wa kumi na moja 1996, ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa ikielekea Nairobi iliishiwa mafuta, ikaanguka majini mbele ya Ngazidja. Watu 175 walikuwa ndani, 125 walikufa. Wengine walikuwa wameshajaza hewa jile zao wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, zile jile ziliwainua mpaka kwenye dari na hawakuweza kupiga mbizi wafike mlangoni. Kwa hiyo kuna jile za aina mbili, na kila moja ina masharti yake. Ile ya ndege inavaliwa bila hewa, hewa inajazwa ukishatoka. Ile ya boti za Kivu ni ya povu ngumu, inaelea wakati wote. Ukiwa umeivaa, kaa mahali pa wazi ama karibu na ubavu wa boti, si chini kabisa katikati ya magunia. Kwenye boti kubwa zenye ghorofa na vyumba vilivyofungwa jambo hili linahitaji mawazo: kuivaa ni vizuri, kulala nayo katika chumba cha chini mlango ukiwa umebanwa na mizigo ni kujifungia.

Kisha kuna ubora. Nguvu ya jile inapimwa kwa newton; newton kumi ni kama kilo moja ya kuinua. Jile ya newton 50 ni ya mtu anayejua kuogelea na ambaye msaada uko karibu. Ya newton 100 ina nguvu ya kumgeuza mtu uso uwe juu kwenye maji yenye utulivu. Ya 150 ni ya maji ya mbali na mawimbi. Mtu mzima asiyejua kuogelea, usiku, katikati ya ziwa lenye urefu wa kilometa 90 hivi na kina kinachofika karibu mita 480, anahitaji ile ya 100 kupanda. Nyingi zinazoonekana kwenye pwani hazina hata kibandiko kinachosomeka. Zingine zimeshonwa na fundi, ndani wamejaza sponji ya godoro, ambayo inakunywa maji na kuwa mzigo.

Namna ya kujua ni rahisi na haiombi mashine. Jile ya newton 100 inapashwa kubeba kipande cha chuma cha kilo kumi ndani ya maji bila kuzama. Ifunge, iache masaa 24, iangalie tena kesho yake. Kwa meli za baharini kanuni inasema kisha masaa 24 isipoteze zaidi ya sehemu tano kwa mia ya nguvu yake. Komisariati ya ziwa ingeweza kufanya hiyo kontrole kwenye pwani yoyote, mbele ya watu, kwa kuchagua jile tano kwa bahati kutoka kila boti. Ingegarimu chuma, kamba na pipa la maji. Leo kontrole mara nyingi inahesabu jile ngapi ziko ndani ya boti. Haiangalii kama zinaelea, wala ziko juu ya nani.

Watoto ndio wamesahaulika kabisa. Kwa meli za bahari, kanuni za dunia zinaomba jile za watoto zisipungue sehemu kumi kwa mia ya hesabu ya abiria, na pia kuwe na jile za watoto wachanga. Kwenye boti za Idjwi mama anapanda na mtoto mgongoni, amefungwa kwa kitenge. Jile ya mtu mzima haiwezi kuvaliwa juu ya mtoto mgongoni, na mtoto akivalishwa ya mtu mzima anateleza chini, jile inabaki inaelea peke yake. Mama anayekataa jile kwa sababu ya mtoto wake hana ujinga. Amepewa kitu ambacho hakikufikiriwa kwa ajili yake. Kitu kidogo kinachoweza kufanyika leo ni kumtoa mtoto mgongoni, kumweka mbele kifuani juu ya jile, na fundo la kitenge liwe la kufunguka kwa mkono mmoja.

Wenye boti nao wana maelezo yao, na si yote ya uongo. Jile nzuri ni ya bei. Zinaibiwa. Abiria wanaziacha kwenye jua na mafuta. Mwenye boti anayepakia watu 80 anashindana kwenye pwani moja na yule anayepakia 200, na bei ya tiketi inaamuliwa na yule wa 200. Huyu wa kwanza akifwata sheria peke yake, anafilisika. Hapo ndipo serikali inapaswa kusimama, kwa sababu soko haliwezi kupanga hiyo peke yake. Marubani wa bahari ya Kaskazini nao hawakuvaa kwa sababu ni watu wazuri kuliko wengine. Wanavaa kwa sababu elikopta hairuke kama mmoja hajavaa, na hasara ya kutoruka iko juu ya kampuni.

Na watu wanapanda boti iliyojaa kwa sababu gani? Juu ya ile Minova ya 2024 jibu linajulikana: vita vilikuwa vimekata barabara ya Sake, na chakula cha Goma kilikuwa kinapitia majini. Mwanzoni mwa 2025 ndege za abiria zikasimama Goma na Kavumu. Barabara ya Bukavu kwenda Goma kupitia Kalehe, kila mtu anaijua mvua inapoanza. Ziwa likabaki njia ya mgonjwa, ya mwanafunzi, ya mama wa biashara na ya maiti anayerudishwa kwao. Kumwambia mtu wa namna hiyo asipande kama boti imejaa ni kumwambia abaki. Wengi watapanda. Kwa hiyo afadhali kuongea juu ya anayepanda.

Huyo anaweza kufanya vitu kadhaa bila kungojea amri nyingine. Aombe jile mbele ya kulipa, si kisha. Aifunge mikanda yote chini, akiwa bado ana miguu kavu, na abaki nayo mpaka kamba ya boti imefungwa upande wa pili; Merdi ilizama wakati safari ilikuwa karibu kuisha. Telefone iingie ndani ya sashe mbili zilizofungwa, ikiwa na namba za watu wa nyumbani. Mtu mmoja nyumbani ajue jina la boti na saa ilipotoka, maana ile orodha ambayo haiko kwenye bandari inaweza kuwa kwenye familia. Akianguka majini, asivue nguo, asijaribu kuogelea mpaka pwani anayoiona mbali; akunje magoti kifuani, mikono ibane mbavu, na kama wako wengi washikane kwa duara, watoto katikati. Joto linakaa zaidi na waokoaji wanaona kundi kuliko kichwa kimoja.

Waokoaji wale ni akina nani, hilo nalo halina siri. Kwa saa ya mwokoaji ambayo rubani wa kule anaihesabu, huku hakuna elikopta ya kungojea. Kuna polisi ya ziwa yenye vyombo vichache. Na kuna wavuvi wa sambaza, pirogi tatu zilizofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zimewashwa, kila usiku usio na mbalamwezi kali. Wanaonekana toka milima ya Bukavu kama mji mwingine juu ya maji. Wao ndio wako karibu saa nane ya usiku, wanajua upepo wa kiangazi unatoka upande gani, na wanasikia mtu anayelia mbele ya mtu mwingine yeyote. Pirogi zao hazina filimbi ya kuitana, hazina kamba ya kutupa yenye boya, hazina blanketi kavu ndani ya pipa. Na wengi wa wavuvi wenyewe hawana jile.